Kule Kwenye Foleni Ulikula Nini?

Machi 2011 mama yangu mdogo alipanda basi dogo pamoja na majirani sita, wakaelekea Samunge. Alikuwa mgonjwa wa kisukari wa miaka mingi. Nauli aliipata kwa kuuza mbuzi. Aliporudi siku ya tisa alikuwa amekonda, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi, na uso unang'aa kama wa mtu aliyefutiwa deni. Kesho yake asubuhi akaazima mashine ya jirani, akapima sukari. Ilikuwa imeshuka kuliko alivyowahi kuiona mwaka mzima. Akaiandika namba ile nyuma ya kalenda ya ukutani ili kila mgeni aione. Kisha akakusanya vidonge vyake vyote, akavitia kwenye kopo la maziwa, akaliweka juu ya kabati.

Waliokuwa watu wazima mwaka ule hawahitaji kuelezwa Samunge ni wapi. Kwa vijana: ni kijiji katika tarafa ya Loliondo, wilaya ya Ngorongoro, mkoani Arusha. Hapo ndipo alipoishi Ambilikile Masapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, ambaye nchi nzima ilimwita Babu. Alisema Mungu alimwonyesha katika ndoto dawa iliyochemshwa kutokana na mti wa mugariga. Kikombe kimoja, shilingi 500, kinywewe palepale kutoka mkononi mwake. Magonjwa yaliyotajwa kuponywa ni pamoja na kisukari, saratani, pumu, shinikizo la damu na Ukimwi. Watu walimiminika kutoka kila mkoa, wengine kutoka Kenya na Uganda. Foleni ya magari ikawa inapimwa kwa kilomita. Wagonjwa mahututi walitolewa wodini wakapakiwa kwenye magari, na wapo waliokata roho njiani au wakisubiri zamu. Mwishoni mwa Machi Babu mwenyewe aliomba watu wapya wasije kwa siku kadhaa ili waliokwishafika wahudumiwe.

Siandiki haya kumsema Babu, ambaye sasa ni marehemu. Naandika kwa sababu sijaona mjadala mwingine hapa nchini uliobeba makosa mengi ya hoja kwa wakati mmoja, na makosa hayo hayakuzikwa Samunge. Yapo leo kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo, kwenye vijiwe vya kahawa, redioni, kampeni zikianza. Tunapenda kusema kwamba tunataka nguvu ya hoja, si hoja ya nguvu. Ila hoja yenyewe ikija imeoza ndani, mara nyingi tunaipokea kwa kuwa imekuja na sura tunayoipenda.

Nilikunywa, nikapona

Kosa lililokuwa mama wa yote ni hili: jambo la pili limefuata la kwanza, basi la kwanza ndilo lililoleta la pili. Nilikunywa kikombe Jumatano, Ijumaa nikajisikia vizuri, kwa hiyo kikombe kimeniponya. Anayesema hivyo hadanganyi. Kweli alikunywa, kweli alijisikia vizuri. Lililopungua ni uzi wa kuyaunganisha mambo hayo mawili.

Wazee wetu walilijua kosa hili vizuri sana, wakaliwekea methali: jogoo liwike lisiwike, kutakucha. Ukitaka kujua kama jogoo ndiye anayeleta asubuhi, usihesabu mara alizowika kukapambazuka, maana utahesabu maisha yako yote na kila siku utamwona jogoo ana haki. Angalia siku ambayo hakuwika.

Fikiri jinsi magonjwa yenyewe yanavyokwenda. Pumu huja kwa vipindi: usiku mmoja unapigania pumzi, wiki inayofuata unapanda ngazi. Shinikizo la damu hupanda na kushuka ndani ya siku ile ile. Maumivu ya mgongo hukaza, yakaachia. Na mtu anafunga safari ya kutafuta tiba lini? Siku ambazo hali imekuwa mbaya kupita kawaida. Baada ya siku mbaya kupita kiasi, siku iliyo karibu zaidi kuja ni iliyo afadhali kidogo, hata kama mgonjwa atakunywa maji ya kisima. Dawa yoyote inayotafutwa wakati wa dhiki kuu itapata sifa ambayo haikuifanyia kazi.

Kwa walioishi na virusi vya Ukimwi mtego ulikuwa mkali zaidi, nami hapa naomba msomaji asome polepole. Dawa za kufubaza virusi zilikuwa zikitolewa bure nchini tangu 2004, nazo zilikuwa zimewainua watu kitandani. Lakini za wakati ule zilikuwa na maudhi: kichefuchefu, ndoto za kutisha, ganzi miguuni. Mtu akinywa kikombe, akaacha vidonge, kichefuchefu na ndoto hizo huanza kupungua ndani ya siku chache. Anakula, analala, anacheka. Ana kila sababu ya kuamini kwamba amepona. Ndani ya mwili, wakati huo huo, virusi huanza kuzaliana upya, kwa kawaida katika wiki chache tu, na kinga hubomoka kimya kimya kwa miezi kabla ya ugonjwa wa kwanza kubisha hodi. Siku aliyojisikia vizuri kuliko zote ilikuwa mwanzo wa hatari yake. Na ushuhuda wake alikuwa ameshautoa kanisani.

Waliorudi na wasiorudi

Hilo latupeleka kwenye ushuhuda. "Mimi mwenyewe ninao watu watano waliopona." Sentensi hii niliisikia dukani, kwenye daladala, msibani. Sikuwahi kusikia mtu akisema ninao watu kumi na wawili waliokunywa, watano wanasema wamepona, wanne hali ni ile ile, watatu tumewazika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia alikuwapo mtaalamu wa takwimu aitwaye Abraham Wald, mzaliwa wa Hungaria ya enzi hizo aliyekimbilia Marekani mwaka 1938. Mwaka 1943, akifanya kazi katika kundi la watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia jijini New York, alipewa swali la ndege za kivita: zinapigwa risasi wapi, na sehemu ipi ni dhaifu zaidi? Taarifa zilizokuwapo zilihusu ndege zilizorudi kambini zikiwa na matundu. Ni rahisi kuona matundu mengi kwenye bawa ukasema, tuimarishe bawa. Hesabu za Wald zilijengwa juu ya jambo ambalo macho hayakuweza kuliona, yaani ndege ambazo hazikurudi. Ndege iliyorudi na matundu bawani inakuambia kwamba bawa linaweza kutobolewa na ndege ikafika nyumbani. Sehemu ambayo ndege zilizorudi hazina matundu inatia shaka, kwa kuwa huenda zilizopigwa hapo zimelala chini ya bahari.

Aliyekufa hatoi ushuhuda. Aliyezidiwa hupelekwa hospitali, na akifa inaandikwa amefia hospitali. Aliyeona haya kwamba imani yake haikutosha hunyamaza. Wanaobaki kusimama mbele ya watu ni kama zile ndege zilizorudi.

Ukilielewa hili, utaacha pia kumpa mwanao mfano wa tajiri fulani aliyeacha shule akafanikiwa. Waliotoka shule wakapotea hawaalikwi redioni.

Wengi, wakubwa na wazuri

"Watu wote hawa ni wajinga?" Hili lilikuwa jibu la kawaida kwa yeyote aliyetilia shaka. Nyuma yake imesimama methali nzito: wengi wape. Methali hiyo ni ya hekima kubwa inapokuwa tunaamua kisima kichimbwe wapi au nani awe mwenyekiti wa kijiji, kwa sababu hapo wengi ndio wenye mali na ndio watakaobeba gharama. Lakini figo halipigi kura. Sukari haishuki kwa sababu foleni ni ndefu. Tena watu wale hawakuwa mashahidi elfu tofauti: kila mmoja alikuja kwa kuwa alisikia wenzake wanakwenda. Ni shahidi mmoja aliyerudiwa mara elfu.

Methali nyingine iliyofanya kazi chafu mwaka ule ni lisemwalo lipo, kama halipo linakuja. Nakipenda Kiswahili chetu na nazipenda methali zake, hivyo nasema hili kwa uchungu: ukiichukua methali hiyo kama kipimo cha ukweli, hakuna uvumi hata mmoja utakaoweza kuushinda. Ukiwa kweli, methali imetimia. Usipokuwa kweli, subiri. Hoja isiyoweza kushindwa kwa hali yoyote ile haijatuambia lolote.

Kikombe kilikuwa na mlango wa nyuma wa namna hiyo hiyo. Ukipona, dawa imefanya kazi. Usipopona, imani yako ilikuwa ndogo, au ulikunywa si kwa mkono wa Babu. Siwadhihaki wenye imani. Mimi mwenyewe ni mtu wa ibada. Ninachosema ni kwamba dai likijengwa hivyo, hata kama dawa ni maji matupu, matokeo yote yatalipa sifa.

Kisha wakaja wakubwa. Mawaziri walikwenda, wabunge walikwenda, wenye helikopta walikwenda. "Kama si dawa, mbona waheshimiwa wanakunywa?" Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ni kweli, pale mkuu anapoonya kuhusu njia aliyoipita. Mheshimiwa anayeumwa ni mgonjwa kama mgonjwa mwingine. Hofu yake ya kufa haina cheo, na kiti chake cha bungeni hakijamfundisha jinsi kongosho linavyofanya kazi.

Hoja iliyonigusa zaidi, na iliyonichukua muda kuiona upungufu wake, ni ya uzuri wa mtu. "Angekuwa tapeli angetoza 500?" Na kweli, bei ile ilikuwa ndogo, na sina sababu ya kusema mzee yule hakuamini alichokisema. Ila unyofu wa mtu unatuambia habari zake yeye. Mtu mwema anaweza kukuelekeza njia kwa moyo wote ukapotea porini. Tumezoea kugawa dunia kati ya waongo na wakweli, tukasahau kundi kubwa kuliko yote: wanaokosea kwa nia njema.

Neno moja lilivyogeuzwa

Serikali ilituma wataalamu, wakaichunguza dawa, wakatangaza kwamba haina madhara kwa mnywaji. Sentensi hiyo ilitoka Dar es Salaam ikiwa na maana moja, ikafika vijijini na maana nyingine. Mama mdogo alinipigia simu akishangilia: "Umesikia? Wataalamu wamethibitisha!" Walithibitisha nini? Kwamba kikombe hakikuwa sumu. Uji nao si sumu, na hauponyi saratani. Lakini neno salama lilipokuwa linasafiri kutoka mdomo hadi mdomo lilivua nguo yake likavaa ya tiba, na hakuna aliyeona likibadilisha. Kwa maoni yangu huu ndio ulaghai mgumu kuliko wote kuutambua, kwa sababu hakuna mtu aliyeufanya. Maneno yalijifanyia yenyewe, nasi tulisaidia kwa kusikia tulichokuwa tunakitamani.

Na wale waliosema tu, "jamani, tupime kwanza, wagonjwa wasiache dawa zao," walijibiwa nini? "Kwa hiyo mnasema Mungu haponyi?" Hawakusema hivyo. Mtu anatoa hoja yenye nguvu, mwenzake anaiacha pembeni, anatengeneza sanamu ya majani inayofanana nayo kwa mbali, anaipiga sanamu hiyo mpaka majani yanaruka, na wasikilizaji wanapiga makofi. Ukitaka kulijua kosa hili likifika, sikiliza maneno "kwa hiyo unasema". Yakifuatwa na jambo ambalo hukulisema, simama hapo hapo na urudishe maneno yako mwenyewe.

Walikuwapo pia waliotaka mtu achague: dawa ya Mungu au dawa ya wazungu, kana kwamba njia ni mbili tu na zinapingana. Wengine walidai, "Thibitisheni basi kwamba haiponyi," wakati mzigo wa kuthibitisha huwa juu ya anayedai, kama vile mahakamani anayesema shamba ni lake ndiye anayeleta hati. Na wapo waliosema hata hospitali watu wanafariki. Wanafariki, na huo ni ukweli wa kusikitisha. Lakini upungufu wa hospitali ni ushahidi dhidi ya hospitali. Kikombe bado hakijapata shahidi.

Makosa haya yana umri mrefu. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, aliyapanga katika aina 13. Maandiko yake yalitafsiriwa kwa Kiarabu huko Baghdad, na lugha hiyo ndiyo iliyotupa sisi Waswahili maneno mantiki, hoja na dalili. Neno la mwisho hilo lina somo ndani yake. Kwa wanamantiki wa Kiarabu dalili ni hoja inayoongoza hadi kwenye uthibitisho. Kwetu imebaki kuwa ishara tu: dalili ya mvua ni mawingu. Na kila mkulima aliyewahi kupanda mbegu kwa kuamini wingu moja anajua ishara na mvua ni vitu viwili.

Kosa langu mimi

Sijasema bado nilichofanya nilipoliona lile kopo juu ya kabati.

Niligombana naye. Nilimwambia Babu ni mzee anayeota ndoto. Nilimwambia waliokwenda Samunge hawakusoma. Nilimtajia majirani zake sita mmoja mmoja na udhaifu wa kila mmoja. Nilikuwa upande wa ukweli, lakini sikumpa hoja hata moja. Niliwashambulia watu nikaacha dai lenyewe limekaa salama kwenye kiti chake. Mama mdogo alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa mwanangu, wewe umesoma." Hakunipigia simu kwa miezi miwili. Nimewahi kusikia watu wakifundisha kwamba kumshambulia mtu badala ya hoja ni kosa kwa kuwa ni utovu wa adabu. Ubaya wake mkubwa ni kwamba unamfungia mtu mlango wa kubadili mawazo, maana akikubali sasa atakuwa amekubali pia kwamba yeye ni mjinga na majirani zake ni wajinga.

Aliyeufungua mlango huo alikuwa muuguzi wa zahanati, binti mdogo. Mama mdogo alikwenda na kidonda cha mguuni kisichofunga. Nilimsindikiza. Binti alimwamkia, akasafisha kidonda kwa utaratibu, akasikiliza habari yote ya safari bila kutikisa kichwa. Kisha akauliza:

"Kule kwenye foleni, mama, ulikula nini?"

"Ningekula nini, mwanangu? Chakula kilikuwa ghali. Chai ya rangi, na muhogo tukigawana."

"Siku zote hizo?"

"Siku zote."

"Na gari lilipokwama?"

"Tulitembea. Sehemu nyingine tulitembea mpaka nikasema leo nafia hapa."

"Na vidonge vyako?"

"Nilikuwa navyo mkobani. Nilimeza mpaka siku niliyokunywa."

Binti akafunga bandeji. "Mama, siku tisa umekula kidogo, umetembea sana, na dawa karibu zote umemeza. Sukari ingekataaje kushuka?" Akamtoboa kidole, akapima. Hakusema kitu, alimwonyesha tu mashine. Mama mdogo aliitazama namba kwa muda mrefu.

Swali la yule binti, yaani ni nini kingine kilichobadilika, lina ndugu yake katika jaribio moja maarufu la tiba. Mwaka 1747 daktari wa jeshi la majini la Uingereza, James Lind, akiwa ndani ya meli ya Salisbury, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu na mwili kuisha. Aliwalaza mahali pamoja, akawapa mlo wa aina moja, akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa siki, nyingine maji ya bahari, nyingine machungwa na malimau, na kadhalika. Ndani ya siku 6 mmoja wa wale wa machungwa alikuwa tayari kurudi kazini. Angewapa wote 12 siki tu, na wawili wakapata nafuu, siki ingesifiwa hadi leo. Alichoongeza Lind ni ulinganisho: huyu amepata nafuu, je, yule asiyepewa amekuwaje? Hakuna mashine katika swali hilo, wala shahada. Linaweza kuulizwa jikoni.

Mchungaji Masapila alifariki Julai 30, 2021. Vikombe vingine vilivyozuka kumuiga mwaka ule 2011, katika mikoa kadhaa, vilitoweka kabla yake. Lakini kila mwaka huja jani jipya, chai mpya, maji mapya, yakiletwa na shuhuda za watu waaminifu.

Kwa hiyo nakuomba, wewe unayesoma haya ukiwa na mtu nyumbani anayetumia dawa za kila siku, ziwe za sukari, za presha au za kufubaza virusi. Akija na habari njema ya tiba mpya, usimcheke na usimwite mjinga kama nilivyofanya mimi. Muulize alikula nini. Muulize wasiopona wako wapi. Na kabla hajafunga kifuniko cha kopo, msindikize kliniki apimwe, leo, kisha tena wiki ijayo.

Kopo la mama mdogo sasa linatunza vifungo. Vidonge vyake viko mezani, kimoja cha asubuhi na kimoja cha jioni.